Bwawa la bustani kugeuzwa makazi ya viumbe mjini Dodoma: tathmini ya kazi ya mafundi wa kitalu

Tulipohamia Ilazo, hapa Dodoma, tulikuta mbele ya nyumba bwawa la mapambo lenye urefu wa mita 2.5 na upana wa mita 2, kuta zake za zege zimesimama wima na kuvishwa marumaru za buluu, na pampu yake ndogo imeshakufa. Lilipendeza macho, kwa hiyo tuliliacha lilivyo na kuliongezea maji kila yalipopungua. Asubuhi moja ya Septemba mwaka jana nilimkuta kalunguyeye anaelea humo. Maji yalikuwa yameshuka sentimita 30 chini ya ukingo, na kwenye utando wa kijani uliofunika marumaru kulikuwa na mikwaruzo ya kucha zake kuzunguka pande zote nne, mahali pengine imerudiwa mara tatu au nne. Mnyama yule alikuja kunywa maji wakati wa kiangazi, katika mji ambao mvua zake huisha Aprili, akaogelea usiku kucha akitafuta pa kupandia. Siku hiyohiyo nilianza kuulizia fundi wa kulibadilisha bwawa lile liwe mahali ambapo viumbe wanaweza kuingia, kunywa, kuzaliana na kutoka.

Kazi niliwapa vijana watano wanaoendesha kitalu cha miche kando ya barabara, ambao pamoja na kuuza miche hutengeneza bustani za majumbani. Tulikubaliana shilingi 1,350,000 kwa ufundi na vifaa vyote isipokuwa maji, nusu ikalipwa kabla ya kazi na nusu baada ya kazi kukamilika. Walianza wiki ya pili ya Oktoba wakamaliza kwa siku sita, kama walivyoahidi. Sasa mwaka umepita, na naona muda huo unatosha kuipima kazi yao, kwa kuwa bwawa la namna hii haliwezi kutathminiwa kabla halijapitia masika na kiangazi.

Walichokifanya vizuri kuliko vyote ni ukingo. Walivunja ukuta wa upande wa mashariki hadi chini na kuwapunguza wenzake watatu kimo, kisha wakapanua shimo kwa sururu na beleshi katika udongo mwekundu ambao Oktoba huwa mgumu kama tofali, mpaka likafika mita 4 kwa 3. Upande wa mashariki sasa ni mteremko mlaini unaoanza penye nyasi kavu na kushuka taratibu hadi kwenye maji ya sentimita 20. Hapo chini ya maji kuna ngazi pana ya kuwekea mimea, na baada yake ndipo shimo linapofika sentimita 60 katikati. Fundi mkuu aliupima mteremko ule kwa kuuteremka na kuupanda mwenyewe akiwa pekupeku, akaniambia, "Mama, nikiteleza mimi, na kinyonga atateleza." Aliteleza mara moja, wakaongeza kokoto za mviringo walizozileta kutoka kwenye korongo la mto, akarudia tena. Fundi anayejaribu kazi yake kwa nyayo zake anastahili kusifiwa.

Usawa wa ukingo nao waliushughulikia kwa uangalifu. Walitumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga, wakaujaza maji na kulinganisha kimo cha maji katika ncha zake mbili, wakizunguka bwawa zima hatua kwa hatua. Ukingo ukipishana hata kwa sentimita tano, upande mmoja maji humwagika na upande wa pili nailoni inayotandikwa shimoni kuzuia maji yasivuje hubaki wazi juani. Chini ya nailoni walitandika mchanga uliochekechwa unene wa sentimita tano na viroba vya zamani, ili mawe makali na mabaki ya zege yasiitoboe. Nailoni yenyewe ilikuwa nyeusi, nzito, kipande kimoja cha mita 6 kwa 5. Hesabu ya kununua nailoni ni rahisi na inafaa kila mteja aijue asije akauziwa pungufu: chukua urefu wa bwawa, ongeza kina mara mbili, kisha ongeza sentimita 30 kila upande za kufukia. Kwangu ilikuwa mita 5.8 kwa 4.8, kwa hiyo walichokileta kilitosha.

Kifusi cha ukuta uliovunjwa hawakukitupa. Nilipoomba kiwekwe kama rundo karibu na maji, upande wenye kivuli, walikipanga vizuri, vipande vikubwa chini na nafasi katikati yake. Ndani ya rundo hilo leo wamo mijusi, na vyura hujificha humo jua linapokuwa kali.

Kasoro zilianza walipofika kwenye mimea, na hapa ndipo mteja anapopaswa kusimama karibu. Kwanza, walipanda matete moja kwa moja kwenye udongo uliotandazwa juu ya nailoni. Mizizi ya matete hutambaa chini na ncha zake ni kali. Baada ya miezi minne nilianza kuona maji yanapungua kuliko kawaida upande mmoja, nikafukua, nikakuta ncha mbili zimeshapenya. Ilinibidi kuziba matundu na kuhamishia matete kwenye ndoo kuukuu zisizotobolewa, jambo ambalo lingefanywa siku ya kwanza bila gharama yoyote. Pili, siku ya kukabidhi kazi waliniletea kama zawadi beseni la mmea unaoelea wenye maua ya zambarau mazuri sana. Lilikuwa gugumaji, mmea wa Amerika ya Kusini ambao umewatesa wavuvi wa Ziwa Viktoria kwa miongo mingi kwa kufunika maji na kunyima samaki hewa. Niliwashukuru kwa moyo wao, nikawaomba wauanike juani mpaka ukauke kabisa, mbali na mtaro wowote. Hawakuwa na nia mbaya, lakini kitalu kinachohudumia mabwawa hakipaswi kuwa na mmea ule hata shina moja.

Tatu, waliacha ukanda wa nailoni upande wa magharibi bila kuufukia, na jua la Dodoma haliisamehe nailoni. Nne, walilijaza bwawa kwa maji ya kisima yaliyoletwa na boza. Maji mengi ya visima vya huku yana chumvi. Yanapokauka maji yenyewe, chumvi hubaki, na kufikia Novemba mawe yote ya ukingoni yalikuwa na utando mweupe unaokwangulika kwa ukucha. Mvua za Desemba ndizo zilizoyazimua.

Hoja tuliyobishana kwa muda mrefu zaidi ilikuwa samaki. Fundi mkuu alisisitiza niweke perege wachache ili wale viluwiluwi wa mbu, na alishangaa sana nilipokataa. Hoja yake ina nguvu, nami simlaumu. Lakini perege hawachagui: hula viluwiluwi wa chura na mayai yao pia, na wakubwa hutibua tope na kung'oa mimea michanga. Nilitaka mbu waliwe na wadudu wanaokuja wenyewe, yaani watoto wa kereng'ende, ambao huishi majini wakiwinda kabla ya kuota mabawa, pamoja na mende wa majini. Tatizo ni kwamba mbu hufika kabla ya maadui zake. Katika wiki tatu za mwanzo nilichota maji kila baada ya siku mbili kwa bakuli jeupe, ambalo huwaonyesha viluwiluwi vizuri: wa mbu wa kawaida huning'inia kichwa chini, na wa anofelesi, mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Niliwaona wa aina zote mbili. Ingawa Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini, hiyo si ruhusa ya kuwafugia majirani mbu, kwa hiyo nilitumia dawa ya bakteria ya kuua viluwiluwi wa mbu, ya aina inayotengenezwa Kibaha, ambayo haidhuru vyura. Tangu katikati ya Januari sijaihitaji tena. Bakuli hutoka na kiluwiluwi mmoja au bila hata mmoja, na mara nyingi hutoka na mtoto wa kereng'ende, rangi ya tope, macho makubwa, ambaye hukaa kimya kana kwamba hayupo.

Maji ndiyo gharama halisi ya bwawa hili, na mafundi hawakunieleza. Dodoma hupata mvua ya takribani milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, ilhali jua na upepo wa kiangazi hunyonya mara kadhaa ya kiasi hicho kutoka kwenye maji yaliyo wazi. Agosti nilichora alama kwenye jiwe na kupima kwa rula: milimita 6 kwa siku, ambazo kwa ukubwa wa bwawa langu ni zaidi ya lita 50. Nimeunganisha gata za paa na tanki la lita 5,000, ambalo lilinifikisha katikati ya Agosti. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, kwa hiyo paa langu la mita za mraba 120 hukusanya maji mengi kuliko ninayoyahitaji; ninachokosa ni pa kuyahifadhi. Baada ya tanki kukauka nilitumia maji ya bomba, nikiyaacha kwenye pipa wazi siku mbili ili klorini itoke.

Waliokuja, wamekuja wenyewe. Kereng'ende mwekundu alitua kwenye ncha ya tete siku ya nne. Nyuki hunywa kwenye mteremko wa mashariki, wakisimama juu ya kokoto zenye unyevu bila kuzama, saa nne asubuhi hadi jua linapopoa. Kasuku wadogo wa kijani wenye vichwa vyeusi na ukosi wa njano, ambao asili yao ni maeneo haya ya katikati na kaskazini mwa Tanzania, hufika kwa makundi jioni, hunywa kwa haraka na kuondoka kwa kelele. Mwishoni mwa Desemba, kwenye tawi la mgunga linaloinama juu ya maji, niliona kitu kama povu la sabuni, kikubwa kuliko ngumi mbili. Lilikuwa kiota cha vyura wa mitini, waliopiga ute kwa miguu usiku kucha ukawa povu na kuyafukia mayai ndani yake. Juu lilikauka likawa gamba, ndani likabaki na unyevu. Siku ya tano mchana lililainika upande wa chini, na viluwiluwi wakaanza kudondoka majini mmoja mmoja, kila mmoja akitoa mlio mdogo wa tone la maji. Nilikaa pale mpaka wa mwisho alipodondoka.

Wenye nia ya kuwa na bwawa kama hili wajue kwamba vyura huimba usiku wa mvua kwa sauti kubwa, na kwamba penye vyura nyoka hupita. Nyasi za kati ya nyumba na bwawa nazikata fupi kila wiki, na nimezungushia uzio wa fito kwa ajili ya watoto, kwa kuwa sentimita 60 za maji zinatosha kumzamisha mtoto mdogo.

Kwa uchimbaji, ukingo na utandikaji wa nailoni nawapa vijana hawa alama za juu kabisa, na bei yao ni ya haki. Kwa mimea na maji siwezi kusema hivyo. Hata hivyo niliporudi kuwaeleza habari ya matete, walikuja siku iliyofuata bila kudai fedha, wakafukia ukanda wa magharibi, na fundi mkuu akaniomba kipande cha shina la yungiyungi la asili nililolipata kwenye lambo la kijiji ili aanze kuliotesha kitaluni. Mwezi huu nimewaita tena waweke tanki la pili, la lita 10,000, kabla mvua za Desemba hazijaanza. Mara hii makubaliano yameandikwa, na orodha ya mimea nimeiandika mimi.