Wiki ya Bustani Virginia: tulivyoingia ndani ya nyumba za kale za Alexandria

Ukikaa maeneo ya Washington unazijua zile nyumba za matofali mekundu za Old Town Alexandria. Unapita nje, pazia limeachwa wazi kidogo, unaona thurea na ngazi ya mbao, basi. Aprili ndiyo nafasi ya kuvuka kizingiti. Kila mwaka, mwishoni mwa mwezi huo, Garden Club of Virginia huendesha Historic Garden Week: wenye nyumba na bustani binafsi jimbo zima hukubali watu wasiowajua waingie mpaka sebuleni, kwa tiketi. Mimi nilikwenda ziara ya Alexandria na shangazi yangu aliyekuja kunitembelea kutoka Unguja.

Si rahisi. Sisi wawili tulilipa zaidi ya dola 100. Kila mji una ziara yake, siku yake na bei yake, na ukinunua mapema mtandaoni unapata nafuu kuliko kungoja siku yenyewe. Shangazi aliposikia bei aliuliza kama tunakwenda kuitazama nyumba au kuinunua. Nikamweleza pesa zinakokwenda, akalegeza kidogo: mapato hutumika kurejesha bustani za kihistoria ambazo umma unaruhusiwa kuzitembelea. Mambo yalianzia 1927, wanachama walipofanya maonyesho ya maua wapate fedha za kuiokoa miti ya Monticello, nyumbani kwa Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani. Ziara zenyewe zikaanza 1929. Zilisimama wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na tena 2020 kwa sababu ya korona.

Unapewa ramani yenye nyumba chache, unaanza unakotaka. Kila chumba kina mtu wa kujitolea anayekueleza: kabati hili la karne fulani, meko haya ya asili, sakafu hii haijabadilishwa. Kilichonipendeza hakikuwa kabati. Ni kwamba watu wanaishi humo. Kwenye meza ya jikoni kuna miwani ya kusomea, kwenye jokofu kuna michoro ya mtoto, pembeni chombo cha maji cha mbwa. Makumbusho hayawezi kukupa hicho hata uyalipe mara mbili. Unaona jinsi mtu anavyolipenyeza bomba la choo na mtambo wa kupozea hewa kwenye kuta zenye umri wa miaka 200 bila kuiharibu sura ya nyumba, na nadhani wenzetu wa Mji Mkongwe wanaohangaika na kazi hiyohiyo wangejifunza mengi kwa saa moja tu.

Maua ya ndani hupangwa na wanachama wa klabu wenyewe, na mpango wa kila chumba hufuata rangi za ukuta na zulia. Hapo mimi na shangazi tulitofautiana. Mimi niliduwaa. Yeye aliinama, akanusa tulipu, akanyanyuka. "Mazuri, mwanangu, lakini hayanuki." Kwa mtu aliyekulia kwenye vikuba, asumini na kilua, ua lisilo na harufu ni nusu ya ua. Vichaka vya boksiwudi, ambavyo ni fahari ya bustani za huku, vina harufu, tena kali, na alichosema juu yake sitakiandika hapa.

Bustani zenyewe ziko nyuma, ndani ya kuta, na nyingi ni ndogo kuliko unavyotarajia. Umepita uchochoro wa matofali upana wa mabega, mara unatokea kwenye kiwanja kilichopangwa kama sinia la sikukuu: azalea za waridi, kijibwawa, benchi la chuma, na mti wa dogiwudi wenye maua meupe, ambao ndio mti rasmi wa Virginia. Shangazi alizikataa ngazi za ghorofani tangu nyumba ya pili (ni nyembamba na zina mwinuko mkali, mwenye magoti mabovu asijidanganye), akawa ananingoja bustanini. Kila nikishuka namkuta ana rafiki mpya na bilauri ya maji, wakielewana kwa ishara.

Yeye ndiye aliyeuliza swali la maana. Kwenye nyumba moja mama wa watu alituonyesha chumba cha kulia kwa kirefu, vyombo vya fedha kimoja kimoja, na shangazi akanivuta: "Muulize, nani alikuwa akipika?" Nikauliza. Tukajibiwa "wafanyakazi" na tukasogezwa chumba kinachofuata. Nyumba nyingine, swali lilelile, kijana mmoja alitupeleka jiko la nyuma na kutueleza bila kupepesa kwamba waliolala juu yake walikuwa watumwa. Kwa hiyo inategemea unamkuta nani.

Ndiyo maana nakushauri siku hiyohiyo ufike 1315 Duke Street, si mbali na kituo cha treni cha King Street. Kuanzia 1828 hapo palikuwa ofisi ya Franklin na Armfield, waliowanunua watu Virginia na Maryland na kuwasafirisha kuwauza New Orleans na Natchez. Mji uliinunua nyumba hiyo 2020, na sasa ni makumbusho ya Freedom House. Angalia saa zao kabla ya kwenda. Shangazi hakushangaa. Nyumba ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa watumwa, ipo Shangani, akasema, na sisi pia tunawaonyesha wageni mlango wake kwanza.

Mengine ya kujua. Picha haziruhusiwi ndani, bustanini piga utakavyo. Vaa viatu bapa: njia zote ni matofali yaliyobenuka, na kipande cha Prince Street karibu na mto ni mawe matupu. Visigino vyembamba havitakiwi kabisa kwenye zile sakafu za mbao. Chavua ya Aprili huku ni unga wa manjano juu ya kila gari, mwenye mzio abebe dawa. Vyoo vya nyumba si vya wageni. Gari liache, kuegesha ni adhabu. Mabasi ya mji, yaitwayo DASH, hayatozi nauli tangu 2021. Na ukiwa Queen Street tazama ile nyumba ya buluu yenye upana wa futi 7 hivi, iliyojengwa 1830 na John Hollensbury ili tu azibe uchochoro uliomkera. Hiyo utaiona kwa nje bila tiketi.

Nyota nne kati ya tano. Ukiwa na mzee, muulize anayekuuzia tiketi ni nyumba ngapi zinazoonekana bila kupanda ghorofani. Shangazi kwa upande wake ametoa tatu, na ameondoka na mbegu za maua alizopewa na mmoja wa wale rafiki zake wa bustanini, yanayonuka, amehakikisha.