Websaiti au mfumo? Kipi ulipie kwanza kwa ajili ya biashara

Ukimuuliza anayetengeneza mifumo atakwambia unahitaji mfumo, ukimuuliza anayetengeneza websaiti atakwambia websaiti inatosha, na wote wawili wanaangalia mfuko wako. Kwaiyo hapa nimezipanga kwa utaratibu wa kununua: ipi ianze, ipi isubiri, na ipi uachane nayo mpaka biashara yenyewe ikulazimishe.

Kwanza tuelewane. Websaiti ni kurasa ambazo mtu anafungua anasoma: unauza nini, unapatikana wapi, picha, bei, namba ya simu. Wewe unaandika, yeye anasoma, basi. Mfumo, au web app kama wengi wanavyouita, ni pale mteja anaingia na nenosiri lake, anaweka taarifa zake, anazibadilisha, akirudi kesho anazikuta. Gmail ni mfumo, Google Docs ni mfumo. Vyote viwili vinafunguka kwenye brauza ileile ndo maana watu wanachanganya, na mafundi wengine wanachanganya makusudi maana neno "mfumo" linapandisha bei.

Swali la kujiuliza ni moja tu: je, kuna kitu ambacho mteja A anatakiwa akione na mteja B asikione? Kama hakuna, wewe ni mtu wa websaiti, acha mtu asikuzungushe.

Namba 1: websaiti ya kawaida

Hii ndo ya kuanza nayo kwa biashara nyingi sana, fundi wa magari, mwanasheria, saluni, mgahawa, kampuni ya usafi, wote hawa mteja wao anataka kujua wapo kweli, wanafanya nini, na anawapataje. Ukurasa wa mbele, huduma, bei kama unaweza kuziweka (weka jamani, watu wanachoka kuambiwa "njoo inbox"), na kitufe cha WhatsApp kinachofungua meseji moja kwa moja.

Kujengea, WordPress, programu ya kutengenezea websaiti, bado naiweka mbele. Ipo tangu 2003, yenyewe ni bure, na kikubwa zaidi fundi wako akipotea unampata mwingine wa kuendelea pale alipoishia. Wix na Squarespace, huduma za kulipia ambazo unajengea websaiti humohumo kwao, ni rahisi zaidi, hata wewe mwenyewe unaweza kukaa jioni ukamaliza, ila unakuwa mpangaji: ukitaka kuhama Wix huwezi kuibeba websaiti yako ukaipeleka kwenye hosti nyingine (kampuni inayokuhifadhia websaiti mtandaoni), unaanza upya. Kwa mtu anayejaribu biashara sio mbaya, kwa mtu anayepanga kukaa afikirie mara mbili.

Udhaifu wa WordPress ni plagini, vile viprogramu vya nyongeza vinavyopachikwa ndani yake. Kila fundi anapenda kupachika plagini ishirini, alafu hakuna anayezisasisha, na wadukuzi wengi wanapitia hapo hapo. Muulize kabla hujalipa: nani atakuwa anasasisha, na bakapu (nakala ya akiba ya websaiti) inakaa wapi? Akijibu "usijali" basi jali.

Mambo mawili ya pesa hapa. Domeini, yaani lile jina la anwani ya websaiti yako, isajiliwe kwa jina lako na imeili yako, sio ya fundi, maana siku mkigombana yeye ndo mwenye jina la biashara yako mtandaoni na huna la kufanya. Na ile kufuli ya https, inayoonyesha mawasiliano ya websaiti yamefichwa wengine wasiyasome, usilipishwe bei ya ajabu, Let's Encrypt wanatoa cheti bure na hosti nyingi wanakiweka zenyewe.

Alafu ijaribu kwenye simu ya kawaida yenye intaneti ya kusuasua, sio kwenye laptopu ya fundi. Google wenyewe wanasema kile kitu kikubwa kuliko vyote kinachoonekana ukurasa ukifunguka kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Mara nyingi kinachochelewesha ni picha zilizotoka kwenye kamera zikapandishwa hivohivo bila kupunguzwa.

Namba 2: websaiti ileile pamoja na huduma ya kukodi

Hii watu wengi hawaijui na ndo inawaokolea hela. Chukua saluni. Mmeweka fomu ya miadi, mteja anajaza, inakuja imeili: "Jumamosi saa nne". Dakika kumi baadae inakuja nyingine, "Jumamosi saa nne", na ya tatu. Fomu haijui kama nafasi imeshachukuliwa, yenyewe inapeleka ujumbe tu, kwaiyo unarudi kupiga simu mmoja mmoja kuomba radhi. Hapo fundi atakwambia umeona, unahitaji mfumo. Ndio unahitaji, ila sio wa kutengenezewa! Tayari kuna huduma za miadi kama Calendly ambazo unazipachika ndani ya websaiti yako, nafasi ikichukuliwa inapotea kwa wengine, mteja anapata ukumbusho, na ukiona haikufai unaacha kulipia mwezi ujao.

Vivyo hivyo kwa ankara, orodha ya wateja, hesabu za stoo. Kama tatizo lako wanalo maelfu ya biashara nyingine, kuna mtu ameshalitatua na anakodisha.

Namba 3: duka la mtandaoni

Kwa anayeuza bidhaa hii inapanda inakuwa namba 1. Duka ni mfumo, lina kikapu, malipo, oda, ila limeshatengenezwa na kujaribiwa na watu wengi. WooCommerce inakaa juu ya WordPress na yenyewe ni bure, unalipia hosti na fundi. Shopify unalipa kila mwezi na wao wanashughulika na seva (kompyuta zinazolihifadhi duka) na usalama. Kabla hujachagua angalia kitu kimoja, njia ya malipo ambayo wateja wako wanaitumia kweli inaungana nalo au haiungani? Nyingine zote zinarekebishika, hii ikigoma umekwama.

Namba 4: mfumo wa kutengenezewa

Huku ndo hela inapotea kwaiyo nitakaa kidogo. Unaufikia pale ambapo namna yako ya kufanya kazi ni ya peke yako na umeshajaribu vya kukodi vimeshindwa. Dalili: wafanyakazi wanaingiza taarifa moja sehemu tatu, faili la Excel limefika mahali hakuna anayeligusa bila hofu, wateja wanapiga simu kila siku kuuliza "mzigo wangu umefika wapi" na jibu lipo kwenye kichwa cha mtu mmoja. Hapo lipia, ila anza na hicho kimoja kinachouma. Fundi anayekuja na moduli (sehemu za mfumo) kumi na mbili siku ya kwanza anauza moduli.

Jua pia kwamba bei ya kutengeneza ni mwanzo tu. Kuna seva, kuna matengenezo, kuna mabadiliko, na brauza na maktaba za programu (vipande vya programu vya watu wengine ambavyo mfumo wako unavitumia) zinabadilika hata kama wewe hujabadilika. Asiyekupa bei ya matengenezo kwenye maandishi atakupa baadae kwa mdomo, na itakuwa kubwa.

Siku ya kuonyeshwa kazi usikae kuangalia rangi. Fungua akaunti mbili za wateja. Ingia na ya kwanza, fungua oda yako, angalia juu kwenye anwani, mara nyingi utaona kitu kama oda=15. Badilisha iwe ya ile akaunti ya pili, tuseme 16, bonyeza enta. Kama oda ya akaunti ya pili imefunguka, usipokee kazi. Hili kosa sio la ajabu, OWASP ambao wanaorodhesha hatari za usalama wa wavuti waliliweka kundi lake nafasi ya kwanza mwaka 2021, na mtu yeyote mwenye vidole anaweza kulitumia, sio lazima awe mdukuzi.

Alafu mwambie arudishe bakapu mbele yako. Sio akuonyeshe kwamba ipo, airudishe. Na kwenye mkataba iandikwe kwamba code, yaani maandishi ya programu yenyewe, ni yako na unakabidhiwa pamoja na nywila zote za seva.

Namba 5: app ya simu

Mwisho kabisa, najua wengi wanataka kuanzia hapa kwa sababu inapendeza kusema "tuna app". Mteja anayekununulia mara mbili kwa mwaka hatapakua kitu. Unalipia akaunti Apple kila mwaka, Google mara moja, unasubiri ukaguzi, na mara nyingi unatunza matoleo mawili. App inafaa kwa biashara ambayo mtu anaifungua kila siku, au inayohitaji kufanya kazi chinichini wakati skrini ya simu imefungwa. Kama shida yako ni ikoni tu kwenye simu ya mteja, mfumo wa kwenye brauza unaweza kuwekwa pale kwenye skrini ya mwanzo bila kupitia stoo yoyote ya app, na ukitengenezwa vizuri hata intaneti ikikata baadhi ya kurasa zinaendelea kufunguka. Muulize fundi wako kama anajua kuiweka hiyo kabla hajakutajia bei ya app.