Tufe la Manukato la Kushona kwa Mkono: Tathmini ya Seti Yenye Vifaa Vyake

Seti hii imekusudiwa kumwezesha mtu kushona kwa mkono tufe la kitambaa lenye kipenyo cha sentimita 8, ambalo huning'inizwa kabatini, mlangoni au dirishani ili lipambe na kunukia kwa pamoja. Ndani ya boksi mna vitambaa vya pamba vya michoro mitatu, kiolezo cha karatasi ngumu, sindano, pini, uzi, pamba ya poliesta ya kujazia, utepe wa satini, kishada cha nyuzi na kifuko kidogo cha lavenda kavu iliyochanganywa na karafuu. Mkasi peke yake ndio unaopaswa kujitafutia. Kwa upande wa mshono ni seti iliyofikiriwa vizuri, lakini kwa upande wa manukato inaonekana kubuniwa na mtu ambaye hakujiuliza harufu itatokea wapi, wala itafanywa nini siku itakapokwisha.

Nianze na kiolezo, kwa kuwa ndicho kilichonifurahisha zaidi. Tufe la kipenyo hicho lina mzingo wa takriban sentimita 25.1, kwa hiyo likigawanywa katika vipande sita vyenye umbo la jani, kila kipande kinapaswa kuwa na urefu wa sentimita 12.6, yaani nusu ya mzingo, na upana wa sentimita 4.2 katikati. Nilipopima kiolezo nilikuta vipimo hivyo hivyo, pamoja na milimita 6 zilizoachwa pande zote kwa ajili ya mshono. Si jambo dogo, kwa maana violezo vingi vya namna hii huchorwa kwa kukisia, na matokeo yake ni tufe lililochongoka juu na chini. Hata hivyo, kiolezo sahihi hudai mshono sahihi: anayeshona milimita 1 tu ndani zaidi ya mstari hupunguza milimita 2 katika kila mshono, na kwa mishono sita mzingo umepungua milimita 12, kiasi cha kulifanya tufe liwe dogo kwa karibu milimita 4 katika kipenyo. Ningependa maelekezo yangesema hivyo waziwazi, badala ya kutosheka na agizo la kushona kwa uangalifu.

Maelekezo hayo yamekaa kimya pia kuhusu mwelekeo wa nyuzi za kitambaa. Kila kipande hukatwa urefu wake ukifuata nyuzi za wima, ili kingo zote zivutike kwa kiasi kimoja; kikikatwa mshazari, tufe hujipinda mara tu linapojazwa. Mengine yameelezwa kwa mpangilio mzuri: unaunganisha vipande vitatu vitatu, unapiga bandi nusu mbili kabla ya kuzishona pamoja, unakata vijipasuo kwenye sehemu zilizojikunja, unageuza, unajaza, kisha unafunga nafasi iliyobaki kwa mshono wa siri. Pamba iliyotolewa ni ya kufumwa kwa karibu, haichanuki ovyo kwenye kingo na inapigika pasi vizuri. Uzi unafaa, na sindano hazina la kusemwa.

Tatizo linaanzia kwenye kifuko. Maelekezo yanataka kizikwe katikati kabisa ya tufe, kizungukwe na pamba ya poliesta iliyoshindiliwa hadi tufe liwe gumu, halafu kila upenyo ufungwe moja kwa moja. Harufu ya lavenda na karafuu hutokana na mafuta yanayogeuka mvuke polepole, na mvuke huo unahitaji njia ya kutokea. Hapa unalazimika kupenya karibu sentimita 4 za ujazo ulioshindiliwa kabla haujakifikia kitambaa. Tufe nililoshona kwa kufuata maelekezo lilinukia kwa unyonge tangu mwanzo, ilhali kifuko chenyewe, kikiwa mkononi, kilikuwa na harufu kali ya kuridhisha.

Waliotengeneza vyombo vya manukato vya umbo la tufe katika Ulaya ya zama za kati walilijua jambo hili. Matufe yao ya fedha na dhahabu, yaliyobeba ambari, miski na viungo kwa imani kwamba harufu njema huzuia hewa yenye magonjwa, yalitobolewa matundu na mengi yalikuwa na bawaba, ili yafunguliwe na kujazwa upya. Seti hii imechukua umbo la chombo hicho ikaacha ufundi uliokifanya kifanye kazi.

Kasoro hiyo inarekebishika bila gharama kubwa. Mimi ningegawa lavenda na karafuu katika vifuko viwili vya pamba nyembamba na kuviweka chini tu ya kitambaa, kimoja kila upande, huku poliesta ikibaki katikati kushikilia umbo. Kisha ningeacha sentimita 5 za mshono mmoja zifungwe kwa vishikizo vidogo na kufichwa kwa utepe. Karafuu zipondwe kidogo, kwani nzima hutoa harufu kwa uchoyo na zilizosagwa kabisa huisha upesi. Unga wa mizizi ya mmea wa irisi, ambao husaidia kushika harufu isipotee haraka, haukujumuishwa, nao ungestahili nafasi kuliko mchoro wa tatu wa kitambaa. Pendekezo la kudondoshea mafuta ya manukato juu ya tufe lililokamilika lisifuatwe hata kidogo: mafuta huacha madoa kwenye pamba, na ya karafuu ni hatari kwa paka, ambao miili yao hushindwa kuyavunja ipasavyo.

Anayetafuta zoezi la kujifunza kushona umbo la mviringo atapata alichokifuata, na kiolezo kitamfaa hata baada ya vitambaa vya boksini kwisha. Anayetaka kabati linukie anunue kwanza lavenda ya ziada na vishikizo. Kishada kisifungwe mpaka tufe limejazwa, kwa sababu kikitangulia, uzi wake huvuta ncha ya chini na vipande sita havikutani tena mahali pamoja.