Miezi mitatu ndani ya Bluesky: nimehama X nusu

Mimi huongoza watalii katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kaunti ya Kilifi. Riziki yangu ni ndege. Novemba 2024, wateja wangu wa Uingereza na Marekani walipoanza kuaga mmoja mmoja kule X (Twitter ya zamani) wakisema wanahamia Bluesky, mtandao mwingine wa kijamii wa aina hiyo, siasa zao sikuziuliza. Wasiwasi wangu ulikuwa mmoja tu: mwakani wakipanga safari ya pwani, watanionea wapi?

Nikafungua akaunti. Ukiwa umewahi kutumia Twitter, hapana jipya la kukutisha: posti ni herufi 300, na ukurasa wa unaowafuata huenda kwa saa, la karibuni likiwa juu. Kilichoniteka ni mikondo ya posti inayotengenezwa na watumiaji wenyewe. Ipo ya ndege watupu. Unaibandika juu ya skrini, asubuhi ukifungua simu huoni kitu ila mabawa na midomo. Nilituma picha ya ndege aitwaye mnana wa Clarke, ambaye duniani kote hapatikani ila Kilifi yetu hii, na kabla ya adhuhuri nilikuwa naulizwa maswali ya watu wanaojua wanachouliza: anakula nini, anaandamana na nani, huonekana miezi ipi. Wafuasi wangu wa huko hawafiki hata robo ya wale wa X, lakini hawa wanazungumza.

Jambo jingine, mwenye tovuti yake anaweza kuifanya anwani hiyo kuwa jina la akaunti, bure. Mgeni anajua papo hapo kwamba ndiye mimi, si tapeli wa safari. Kwa kazi yetu hilo ni kubwa.

Kasoro? Posti haihaririki. Ukikosea jina la ndege, futa uandike upya, na wapenda ndege hawasamehi. Tena wengi huko husisitiza uieleze picha kwa maneno, ili wasioona nao wafaidi. Mwanzoni niliona ni usumbufu. Siku hizi napenda kujaribu kumweleza bundi mdogo wa Sokoke, asiyefika shibiri, kwa mtu ambaye hatamwona.

Ila Kiswahili huko ni cha kuokota. Wakenya wako X. Muswada wa Fedha wa 2024 ulipigiwa kelele pale, na Julai 5 Rais Ruto mwenyewe akaingia kwenye Space, mazungumzo ya sauti ya moja kwa moja, kujibu vijana. Bluesky haina chumba cha sauti kama hicho. Nikitaka kujua kuna nini Nairobi, au kucheka tu kwa lugha yangu, narudi X, na sioni haya.

Kwa hiyo ndege wamehama, mimi mwenyewe bado. Kadi zangu mpya nimezichapisha jina la Bluesky. Namba ya WhatsApp nimeiacha palepale juu, maana hajatokea mteja aliyetuma arbuni kabla hatujaongea huko.