Maruhubi, sisi wawili na mtembezaji wetu

Mimi na mama mkubwa tulikodi mtembezaji wa peke yetu kwenda Maruhubi, kaskazini ya Mji Mkongwe, Unguja. Kasri hili Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, aliwajengea wake na masuria wake, likakamilika 1882, moto ukaliteketeza 1899. Ukitarajia vyumba vya kifalme utanuna: ni nguzo nene zisizobeba kitu, mabirika ya mayungiyungi na hamamu, yaani nyumba ya kuogea.

Hamamu ndiyo iliyorudisha pesa yangu. Ndani giza, kijana mtembezaji wetu akamulika kwa simu, chokaa imebanduka, mawe yako nje. Mama mkubwa akauliza, "Mwanangu, na maji yote haya nani alikuwa akiyabeba?" Kijana akanyamaza kidogo, akasema, "Watumwa, bibi." Akaeleza taratibu, bila kupaka sukari. Kwa hilo tu nampa nyota tano.

Bustani sasa ni miembe na nyasi, lakini kivuli kipo. Waliotuuzia safari, hao nawapa nyota mbili: gari lilichelewa dakika 40, na "kinywaji baridi" tulichoahidiwa kilikuwa chupa ya maji ya moto. Nendeni asubuhi, na viatu vya kufunika vidole.