Unga wa grafaiti wa Imperial kwa shingo za maganda ya risasi: uzoefu wangu

Imperial Dry Neck Lube ya kampuni ya Redding, Marekani, ni unga mkavu wa grafaiti. Naitumia kulainisha shingo za maganda ya .308 Winchester (aina ya risasi ya bunduki) ninapoyajaza upya, pamoja na shanga ndogo za kauri zinazouzwa na kampuni hiyohiyo. Unamimina unga kidogo juu ya shanga, unatikisa kopo, kazi inaanza. Kwa shingo za maganda sijapata kilainishi safi kuliko hiki.

Anayejaza risasi zake mwenyewe anajua tatizo lilipo. Dai, yaani kalibu ya chuma inayorudisha ganda kwenye umbo lake, hubana shingo kutoka nje, kisha mkono wa presi (mashine inayosukuma ganda ndani ya dai) unapopandishwa, tufe la upanuzi lililo ndani ya dai hupita ndani ya shingo likitoka. Shingo ikiwa kavu, shaba hung'ang'ania chuma. Presi inakuwa nzito na unasikia mkwaruzo. Hapo tufe linavuta bega la ganda (mteremko ulio chini ya shingo) mbele. Sehemu mbili au tatu za elfu moja ya inchi zinatosha kuifanya bolti (komeo linalofunga risasi ndani ya bunduki) ifunge kwa shida, na shingo ikivutwa upande mmoja, kichwa cha risasi nacho kitakaa upande. Wengi hulaumu dai wakati kosa ni shingo kavu.

Kwanza sugua ndani ya shingo kwa brashi ya nailoni, utoe masizi yaliyolegea. Chovya mdomo wa ganda kwenye shanga, zungusha mara mbili au tatu, kisha ligonge kidogo likiwa limeangalia chini. Chungulia ndani: shanga isibaki humo. Unga unaohitajika ni utando tu wa kijivu.

Unga huu si wa mwili wa ganda! Mwili bado unataka nta au mafuta ya kubania, la sivyo ganda litakwama ndani ya dai na kulitoa ni kazi ya kuchimba na kuvuta kwa skrubu. Nta nayo ipakwe kwa ncha ya kidole na isirundikane begani, kwa sababu haibanwi ikasinyaa: itaacha bonde kwenye shaba.

Faida ambayo watu huisahau iko kwenye kupachika kichwa cha risasi. Maganda yaliyooshwa kwa maji na vijiti vya chuma kisichoshika kutu hutoka safi mno, bila hata masizi ya kulainisha shingo. Kichwa kimoja huingia laini, kingine kwa kukwama, na urefu wa risasi unaanza kutofautiana. Kwa hiyo baada ya kuosha nta, nachovya tena shingo kabla ya kutia baruti. Mafuta ya majimaji hayafai hapa: baruti hunata shingoni, na yakiteremka hadi kwenye fataki (kiwashio cha baruti kilicho kitakoni mwa ganda) yanaweza kuiharibu.

Grafaiti ina mipaka yake. Inachafua vidole, na kwa kupanua shingo sana, mfano kutoka .243 Winchester kuwa .260 Remington (yenye kichwa kinene zaidi), haitoshi. Hapo napaka nta kidogo ndani kwa pamba ya kijiti, halafu naiosha yote. Na mwenye tufe la kabaidi (kitu kigumu kuliko chuma) anaweza kuacha kuchovya kabla ya kubana, kwani kabaidi huteleza kuliko chuma cha kawaida. Chovyo la kabla ya kupachika kichwa ningemshauri abaki nalo.