Golf GTI Mk7: pedi za nyuma hutangulia kwisha, na dashibodi haisemi kitu

Kwa mwendo, kwa usukani na kwa jinsi linavyoshika barabara, Volkswagen Golf GTI la kizazi cha 7 (Mk7) bado ni gari la kutamanika. Injini ni ya lita 2.0 yenye turbo, nguvu farasi kuanzia 220, na mlango wa nyuma unameza mizigo ya familia bila shida. Mengi yaliyoko Nairobi na Mombasa yaliletwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika, na mnunuzi huuliza kwanza habari za giaboksi ya DSG, yaani otomatiki yenye klachi mbili. Anauliza vizuri. Swali la pili liwe breki za nyuma, maana hapo ndipo pesa humtoka mtu bila kutarajia: pedi za nyuma zimeliwa karibu na chuma, diski zimechimbika mistari, na za mbele bado nene.

Fundi aliyezoea magari mengine akiona hivyo husema kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, imekufa. Mara nyingi haijafa. Tumezoea kuwa pedi za mbele ndizo hutangulia kwisha, kwa sababu ukifunga breki uzito mwingi unaegemea mbele. Kwenye GTI, kompyuta ya ABS ndiyo inayogawa nguvu za breki. Ukigusa tu, kama unapokaribia tuta au unapotambaa kwenye foleni, inazipa breki za nyuma kazi kubwa ili pua isiiname na gari litulie. Ukikanyaga kwa nguvu ndipo za mbele zinabeba mzigo. Sasa fikiria safari ya mjini: breki za kugusa ni nyingi sana, za nguvu ni chache. Pedi za nyuma zinafanya kazi siku nzima.

Halafu kuna XDS+. Ukiingia kona kwa kasi, mfumo huu unabana kidogo magurudumu ya upande wa ndani wa kona ili gari lisitanue kwenda nje, na kwenye Mk7 unafanya hivyo mbele na nyuma. Dereva hahisi chochote isipokuwa gari linakata kona vizuri, na kwa kweli linakata vizuri mno. Gharama yake inalipwa na pedi. Auto Hold, inayoshikilia breki gari likisimama na ambayo watu wengi huilaumu, haina hatia hapa: inabana gurudumu likiwa limesimama, na pedi hailiwi kama diski haizunguki.

Kasoro ninayoipa uzito zaidi ni ya taa. Sensa ya kuonya pedi zimeisha iko gurudumu la mbele kushoto peke yake. Nyuma hakuna. Kwa hiyo gari lenye tabia ya kumaliza pedi za nyuma halina njia ya kukwambia kuwa zimeisha, hadi usikie chuma kikisaga chuma, na hapo diski nazo zimekwenda. Kwa gari la bei hii, waya mmoja zaidi wa sensa haukuwa mzigo.

Dawa ni kukagua kwa macho kila unapobadilisha oili, gurudumu likiwa limetolewa. Kuchungulia kupitia rimu hakutoshi, kwa sababu utaiona pedi ya nje tu. Kikomo ni milimita 2 za pedi yenyewe bila kuhesabu bamba la chuma. Zikifika 3, agiza nyingine. Angalia pia zimelikaje. Zikiwa zimeisha sawasawa, ndani na nje, kushoto na kulia, hiyo ni kazi ya kompyuta na gari halina ugonjwa. Pedi moja ikiisha mbali kuliko mwenzake wa gurudumu hilohilo, pini za kalipa zimekauka au masikio ya pedi yamenasa kwenye fremu inayoshikilia pedi kwa kutu na vumbi la murram. Ikiwa gurudumu zima la upande mmoja limeisha, na rimu yake inachemka kuliko nyingine baada ya safari, pistoni hairudi au mota ya handibreki haiachii. Pwani, chumvi huharakisha haya yote.

Kabla ya kununua spea, jua una GTI gani. La kawaida lina diski za mbele za milimita 312 kwa 25 (kipenyo kwa unene), na za nyuma 300 kwa 12 zisizo na nafasi ya hewa katikati. Lenye kifurushi cha Performance lina 340 kwa 30 mbele, na 310 kwa 22 nyuma, zenye nafasi ya hewa. Agiza kwa namba ya chasisi. Unene wa mwisho unaoruhusiwa umeandikwa kwenye diski yenyewe. Ile ya milimita 12 hutupwa ikifika 10.

Kubadilisha ndiko kunakoharibu magari mengi. Handibreki ya Mk7 ni ya umeme, mota imefungwa nyuma ya kalipa. Fundi akiibana pistoni kwa klampu kabla mota haijarudishwa, anavunja utaratibu wa ndani, na kalipa mpya ni ghali. Akijaribu kuizungusha kama ya Mk5 au Mk6, anakosea vilevile, kwa kuwa hizo zilikuwa na handibreki ya kebo. Utaratibu ni huu: swichi ya gari iwe imewashwa, handibreki imeachiliwa, betri ina nguvu. Kwa VCDS au OBDeleven, mashine za kusoma kompyuta ya gari, ingia moduli ya 03 (ya breki) na uchague hali ya kubadilisha pedi. Utasikia mota zikirudi. Ndipo uisukume pistoni moja kwa moja, polepole, huku ukitazama tenki la mafuta ya breki lisifurike. Safisha fremu kwa brashi ya waya, paka pini grisi ya silikoni (grisi ya kawaida huvimbisha mpira), weka boliti mpya za kalipa na uzikaze Nm 35 (newton mita) kwa spana ya kupimia. Ukibadilisha diski, boliti za fremu nazo ziwe mpya: Nm 90, kisha nyuzi 90 zaidi. Kanyaga breki hadi iwe ngumu, rudisha mota kwa mashine ileile, funga magurudumu kwa Nm 120. Gereji isiyo na mashine hiyo, ondoka. Wanaounganisha waya za mota moja kwa moja kwenye betri hawajui wasimame wapi.

Kuhusu pedi, ATE, TRW na Textar zinatosha kabisa kwa matumizi ya barabarani, na ndizo ningeziweka. EBC Yellowstuff ni za mwenye kwenda kwenye mashindano. Mjini hazina faida inayolingana na bei. Pedi mpya zizoeshe diski: punguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 20 kwa saa, mara 8 hadi 10, bila kusimama kabisa.

Uendeshaji nao unasaidia. Kwenye hali ya Eco, DSG huachia injini ukitoa mguu, gari linateleza bure na breki ndizo zinalipunguza. Ukishuka mteremko wa Mai Mahiu weka giaboksi kwenye S au shusha gia kwa vitufe vya usukani.

Ningelinunua gari hili, ila baada ya kutoa magurudumu yote mawili ya nyuma. Diski zikiwa zimekaribia kikomo, kata kwenye bei diski mbili, seti ya pedi, boliti mpya na kazi ya fundi mwenye mashine. Muuzaji akikataa gurudumu lisifunguliwe, tafuta GTI nyingine, zipo nyingi.